Kazi za Usafi na Mazingira Katika Baraza la Mji: Je, Zinawafaa Watoto Wetu?



Katika matoleo yaliyopita tumezungumzia kazi ya uuguzi na kazi ya ualimu kwa ajili ya vijana wetu wanaomaliza skuli. Mwezi huu nataka kuizungumzia kazi ambayo katika vikao vyetu haitajwi, na ikitajwa basi hutajwa kwa kicheko. Nayo ni kazi ya kutunza mazingira na kupunguza taka katika mabaraza ya miji ya hapa Uingereza, ambayo wengi wetu tumezoea kuyaita kaunsili.

Kilichonisukuma ni barua ya mama mmoja. Mwanawe ana umri wa miaka 18 na amemaliza masomo yake ya koleji. Baraza la mji wao limempa nafasi ya uanagenzi katika idara ya taka na mitaa, yaani atafanya kazi huku akisomeshwa na akilipwa mshahara. Kijana amefurahi, lakini baba yake amekataa. Hoja ya baba ni moja tu: hakuvuka bahari ili mwanawe aje kuzoa taka za watu. Mama anauliza, mwenye haki ni nani?

Sipendi kumjibu baba huyo kwa haraka, kwani maneno yake yana uchungu ambao wengi wetu tunaujua. Wako miongoni mwetu waliofika nchi hii na vyeti mkononi, wakaanza maisha kwa kufagia maofisi usiku na kuosha vyombo katika mikahawa. Waliyavumilia hayo kwa kujiambia kwamba watoto wao hawatayafanya. Sasa mtoto anapoleta habari za idara ya taka, baba hukumbuka ufagio wake mwenyewe. Hapo ndipo penye hatari, maana mzazi aweza kumfungia mwanawe mlango wa taaluma kwa kuudhania kuwa ni mlango wa ufagio. Kwa hivyo, kabla ya kutoa hukumu, na tuitazame kazi yenyewe: asili yake, vyeo vyake, faida zake na uzito wake.

ASILI YA KAZI HII

Miji hii tunayoiona ina mabomba, mapipa na mitaa iliyofagiwa haikuzaliwa hivyo. Katika karne ya 19 miji ya Uingereza ilijaa watu kuliko uwezo wake, na kipindupindu kikaua maelfu. Mji wa Liverpool ulimteua Dokta William Henry Duncan mwaka 1847 kuwa tabibu wa kwanza wa afya ya mji katika nchi hii. Mwaka 1854 Dokta John Snow aliwafuatilia wagonjwa wa kipindupindu katika mtaa wa Soho, London, akaonyesha kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu moja. Mwaka 1858 uvundo wa mto Thames ulizidi hata wabunge wakashindwa kufanya kazi zao, na hapo ndipo mhandisi Joseph Bazalgette alipopewa fedha za kujenga mfumo mkubwa wa mifereji ya maji machafu. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1875 ikayabebesha mabaraza ya miji jukumu la mifereji, usafi wa mitaa na uondoaji wa taka. Kazi tunayoicheka leo imeokoa roho nyingi mno, na iliwahitaji matabibu na wahandisi tangu siku zake za mwanzo.

Wala sisi si wageni wa jambo hili. Katika miji ya Kiislamu ya zamani palikuwapo afisa aliyeitwa muhtasib. Al-Mawardi, mwanachuoni mkubwa wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, aliutenga mlango mzima wa kitabu chake cha hukumu za utawala kuieleza kazi hiyo ya hisba. Muhtasib aliangalia mizani ya wafanyabiashara, njia zisizibwe, na maji ya mji yasiharibike. Hakuwa mtu wa kudharauliwa. Alitakiwa awe mwenye elimu na uadilifu. Na sote tumefundishwa chuoni kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na tumesomeshwa habari za yule mwanamke aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (S.A.W.), ambaye alipofariki na watu wakamzika kimya kimya kwa kumwona mtu mdogo, Mtume aliulizia habari zake, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamsalia.

Wazee wetu wa pwani nao walimjua Bwana Afya, aliyepita nyumba hadi nyumba akichungulia visima, mitungi na majaa. Watoto walimkimbia, lakini wakubwa walimtandikia mkeka na kumsikiliza. Afisa wa mazingira wa baraza la mji hapa Uingereza ni ndugu yake huyo Bwana Afya, ila tu hapa anabeba kompyuta na anasimama nyuma yake sheria nzito.

KAZI ZENYEWE NI ZIPI?

Yafaa kwanza tufahamu namna mabaraza yalivyogawana kazi. Mahali pengi pana baraza moja linalofanya yote, kama ilivyo katika miji mikubwa mingi. Mahali pengine pana mabaraza mawili: la wilaya hukusanya taka milangoni kwetu, na la kaunti huamua zitapelekwa wapi na hushughulika na vituo ambako wananchi hupeleka makabati, magodoro na vyuma vyao. Kwa hivyo mtafuta kazi na atazame pande zote mbili. Aidha, mabaraza mengi yameyapa makampuni kazi ya kuzoa taka kwa mkataba. Katika hali hiyo mwenye gari na mpakiaji huwa waajiriwa wa kampuni, ilhali maafisa wanaosimamia mkataba huwa waajiriwa wa baraza.

Pili, tufahamu kwa nini kazi hizi zimeongezeka. Zamani taka zilifukiwa ardhini, na kufukia kulikuwa rahisi. Mwaka 1996 serikali ilianzisha ushuru wa kufukia taka, kwa kiwango cha pauni 7 kwa kila tani ya taka za kawaida. Ushuru huo ulipandishwa mwaka baada ya mwaka, hata ilipofika Aprili 2025 ulikuwa umepita pauni 126 kwa tani katika England. Tangu hapo kila tani inayookolewa isifukiwe ni fedha inayobaki katika mfuko wa mji. Kanuni za mwaka 2011 nazo zimeweka daraja za kufuatwa: bora zaidi ni kuzuia taka zisizaliwe, kisha kukitengeneza kitu kitumike tena, kisha kukirejeleza kiwe malighafi, kisha kuchuma nishati, na mwisho kabisa ndiyo kufukia. Kila daraja inahitaji watu wanaoijua.

Sasa tuvitaje vyeo vyenyewe. Wa kwanza ni mpakiaji na dereva wa gari la taka. Dereva lazima awe na leseni ya magari makubwa pamoja na cheti cha udereva wa kazi, na baadhi ya waajiri humsomesha mpakiaji hodari hadi akawa dereva. Juu yao yuko msimamizi wa zamu, ambaye hupanga njia za magari.

Kisha yuko afisa wa kupunguza taka na kurejeleza. Huyu hukaa na watu. Huenda maskulini, misikitini, makanisani na katika majumba ya ghorofa kueleza kipi kiingie katika pipa lipi. Huandaa siku za kutengeneza baiskeli na vyombo vya umeme vilivyoharibika. Huhesabu uzito wa taka za kila mtaa na kuona wapi pamelegea. Yuko afisa wa utekelezaji wa sheria, anayewafuatilia wanaotupa taka vichochoroni usiku. Yuko meneja wa mikataba, anayehitaji kuijua hesabu na sheria. Wako maafisa wa mabadiliko ya tabianchi, wa miti, wa bustani na viumbe.

Na yuko afisa wa afya ya mazingira. Huyu ni mtaalamu kamili. Hukagua mikahawa, nyumba za kupangisha, kelele, hewa chafu, panya na maradhi yatokanayo na chakula. Husoma shahada inayotambuliwa na taasisi ya fani yake, au, akiwa tayari ana shahada ya sayansi, huongeza shahada ya pili. Siku hizi iko pia njia ya kuisoma shahada hiyo kwa uanagenzi, mtu akiwa kazini.

Kwa hivyo baba wa kijana wetu na atambue kwamba idara ya taka ni ngazi. Walio katika vipandio vya chini hufanya kazi ya halali yenye heshima yake, na vipandio vya juu viko wazi kwa mwenye kusoma.

FAIDA NA UZITO WAKE

Naanza na jambo linalozigusa nyumba zetu kuliko yote, nalo ni ada za chuo kikuu. Katika England ada ya mwaka wa masomo 2025/26 ilifika hadi pauni 9,535, na mkopo wa wanafunzi hutozwa riba. Wako vijana wetu waliofaulu vizuri lakini wakaacha kwenda chuo kwa sababu hawataki kuingia katika riba. Serikali ilikusanya maoni juu ya mkopo usio na riba tangu mwaka 2014, na sheria ya kuiruhusu ikapitishwa mwaka 2017, lakini hadi mwaka 2025 mkopo huo ulikuwa haujaanza kutolewa. Vijana waliokuwa na umri wa miaka 18 wakati ule sasa ni watu wazima. Katika uanagenzi mwanafunzi halipi ada hata senti moja, hakopi, na hupokea mshahara, ingawa mwanzoni mshahara huo ni mdogo. Ngazi zake huanzia ya chini na kufika hadi ya shahada. Mzazi anayeikataa nafasi ya namna hii na ajiulize vizuri ameikataa kwa ajili gani.

Faida ya pili ni pensheni. Waajiriwa wa mabaraza huingizwa katika mpango wa pensheni wa serikali za mitaa. Katika England na Wales, tangu Aprili 2014, kila mwaka wa kazi humwekea mfanyakazi sehemu moja ya 49 ya mshahara wake wa mwaka huo, nayo hurekebishwa kwa kadiri bei zinavyopanda. Mwajiri naye huchangia. Sisi tuliostaafu ndio tunaojua thamani ya jambo hilo. Lakini aulize mapema yule anayeajiriwa na kampuni ya mkataba, kwa kuwa pensheni yake huenda ikawa ya namna nyingine.

Faida ya tatu ni ibada. Tangu Aprili 2024 mfanyakazi ana haki ya kuomba mpango wa saa unaomfaa kuanzia siku yake ya kwanza kazini, na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwa sababu ya dini. Mwajiri hakulazimishwa kukubali kila ombi, lakini lazima alitazame kwa haki na atoe sababu akikataa. Ama suala la nguo na twahara, ambalo mama yetu ameligusia, jawabu lake ni jepesi: mavazi ya kazi ni ya kazini, na sehemu za kuogea na kubadilishia nguo huwapo katika vituo vingi vya magari. Aulize siku ya mahojiano. Si aibu kuuliza.

Sitakuwa mkweli nikitaja asali nikaficha nyuki. Kukusanya taka ni miongoni mwa kazi zenye ajali mbaya nyingi katika nchi hii: magari makubwa, barabara zenye haraka, vioo, sindano, baridi ya alfajiri. Mishahara ya chini haitajirishi mtu. Tena mabaraza mengi yamebanwa na upungufu wa fedha tangu mwaka 2010, na nafasi hupunguzwa. Baraza la Birmingham lilitangaza Septemba 2023 kwamba haliwezi kumudu matumizi yake, na mwaka 2025 likaingia katika mgogoro mkubwa na wazoa taka wake kuhusu kuondolewa kwa cheo kimoja na athari zake katika mishahara. Mgomo kamili ulianza tarehe 11 Machi mwaka huo. Kabla mwezi haujaisha ilikadiriwa kuwa tani 17,000 za taka zimerundikana mitaani, panya wakatamba, na tarehe 31 Machi baraza likatangaza hali ya dharura. Mtu aweza kuwa upande wa wafanyakazi au upande wa baraza katika mgogoro ule. Lakini hakuna aliyepita katika mitaa ile akasema tena kuwa mzoa taka ni mtu asiye na maana. Kuna watu ambao thamani yao haionekani mpaka siku wasipokuja.

KWA NINI SISI TUNAHITAJIKA

Sasa nafika kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa zaidi kuliko mshahara. Sisi tunakaa katika miji hii, tunalipa kodi ya baraza, tunatoa taka zetu kama majirani zetu, lakini katika ofisi zinazoamua habari ya mitaa yetu hatumo.

Matokeo yake tunayaona. Baraza hutuma karatasi yenye maelezo ya mapipa matatu au manne. Mama aliyefika miezi michache iliyopita haijui lugha, anatia kila kitu katika pipa moja. Chakula kikichanganyika na karatasi, mzigo mzima wa gari waweza kukataliwa kiwandani, na kazi ya mtaa mzima ikaharibika. Majirani hulalamika, na lawama huangukia "wageni". Au baba anahama nyumba, anamlipa mtu mwenye gari dogo aje kuchukua godoro na sofa kwa bei ya kutupa. Mtu yule anakwenda kuvitupa kichakani, na barua yenye jina la baba inaokotwa ndani ya droo. Katika England mabaraza huandikisha zaidi ya matukio milioni moja ya utupaji huo kwa mwaka. Sheria inamtaka mwenye nyumba ahakikishe kwamba anayempa taka zake ameandikishwa kwa kazi hiyo, na tangu Julai 2023 faini ya papo hapo kwa asiyefanya hivyo yaweza kufika pauni 600. Ni familia ngapi katika jamii yetu zinalijua hilo? Na ni nani katika idara ile angeweza kuja siku ya Jumapili, madrasa zinapofunguka, akalieleza kwa Kiswahili?

Kijana wetu angeweza. Binti yetu angeweza zaidi, kwa kuwa yeye hupokewa jikoni, mahali zinapozaliwa taka. Na jiko ndilo linalotazamwa hivi sasa. Kwa mujibu wa sheria ya mazingira ya mwaka 2021 na kanuni zilizoifuata, tarehe 31 Machi 2026 iliwekwa kuwa siku ambayo mabaraza ya England yatakiwa yawe yanakusanya mabaki ya chakula majumbani kila wiki, isipokuwa yale yaliyopewa muda zaidi. Mwaka 2022 majumba ya Uingereza yalitupa yapata tani milioni 6 za chakula. Chakula kikifukiwa huoza na kutoa methani, gesi inayoipasha dunia joto kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa. Kikitiwa katika matangi yasiyoingia hewa, gesi ileile hunaswa ikatoa umeme, na mabaki yake yakawa mbolea. Wales, iliyoanza mapema kukusanya chakula peke yake na kuyawekea mabaraza yake malengo ya kisheria, imepita asilimia 65 katika kurejeleza, ilhali England imekwama kwa miaka kwenye kiasi cha asilimia 44 ya taka za majumbani.

Wala tusidhani kwamba katika elimu hii sisi ni wa kufundishwa tu. England ilianza kuitoza mifuko ya plastiki senti 5 mwaka 2015, ikapandisha hadi senti 10 mwaka 2021. Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Bibi zetu walikwenda sokoni na kapu la ukili; chupa ya mafuta ilirudi dukani ikajazwa tena; kanga iliyochakaa ilikuwa mbeleko, kisha nepi, kisha kitambaa cha jikoni. Daraja ya kwanza ya zile daraja tano tulizozitaja, yaani kuzuia taka zisizaliwe, ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba zetu. Yatuhuzunisha kwamba tulipofika huku na mikono ikafunguka kidogo, tumeiacha. Tazameni masinia ya harusi zetu na futari zetu za pamoja: wali na nyama vikimiminwa katika mifuko myeusi saa nne ya usiku. Afisa wa kupunguza taka anayetoka katika jamii yetu angejua namna ya kulisema hilo bila ya kumvunjia mwenye harusi heshima yake.

NAMNA YA KUOMBA

Kwa wale walioridhika na maelezo haya, nina nasaha chache.

Kwanza, nafasi hutangazwa katika kurasa za kazi za kila baraza. Tazameni mabaraza ya jirani pia, si lenu peke yake. Nafasi nyingi za uanagenzi hutangazwa katika majira ya machipuko na ya kiangazi, lakini ziko za kila mwezi.

Pili, isomeni kwa makini karatasi ya sifa zinazotakiwa. Sheria ya mwaka 1989 inayataka mabaraza kuajiri kwa kustahiki, na namna yao ya kulitimiza hilo ni kumpa kila mwombaji alama kwa kila sifa iliyoandikwa. Vijana wetu wengi huanguka hapa. Huandika maisha yao yote kwa lugha nzuri lakini hawajibu sifa moja baada ya nyingine. Kama karatasi ina sifa nane za lazima, maombi yawe na majibu manane, na kila jibu liwe na mfano: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa ufanye nini, ulifanya nini, na matokeo yalikuwaje.

Tatu, msidharau mifano mliyo nayo. Binti aliyesimamia ugawaji wa chakula katika futari ya msikiti amepanga watu, amehesabu, ametatua ugomvi. Kijana anayemfasiria bibi yake kwa daktari ana ujuzi wa lugha na wa kutunza siri. Kiswahili, Kisomali na Kiarabu ni sifa, ziandikeni.

Nne, kwa watu wazima waliosomea afya ya mazingira au uhandisi nyumbani: vyeti vyenu vipelekeni kwa UK ENIC, taasisi ambayo zamani ikijulikana kwa jina la NARIC, iwape maelezo ya ulinganifu wake. Havitawafikisha moja kwa moja juu ya ngazi, lakini vitawaepusha na kuanza chini kabisa. Na kila mwombaji ahakikishe mapema kwamba karatasi zake za ukaazi zinamruhusu kufanya kazi, na kwamba anatimiza masharti ya miaka ya kuishi nchini yanayohusu uanagenzi.

Tano, ombeni kutembelea. Mabaraza mengi hukubali kukipokea kikundi cha wanafunzi katika kituo cha kuchambulia taka. Madrasa zetu hufanya safari za kiangazi kwenda ufukweni. Mwaka mmoja na iwe safari ya kituo hicho. Mtoto akiona mlima wa chupa ukichambuliwa kwa sumaku, kwa upepo na kwa mikono ya watu, hatausahau.

Sasa mama mwandishi wa barua, hili ndilo jawabu langu, nawe msomee mumeo kwa upole. Mumeo ana haki ya kumtakia mwanawe maisha bora kuliko yake. Hiyo ni haki ya kila mzazi. Lakini haki hiyo haimpi ruhusa ya kuihukumu kazi kwa harufu yake. Na amwulize kijana maswali ya mtu mzima: mkataba ni wa baraza au wa kampuni? Utasoma cheti gani, na kinafungua mlango gani baada yake? Pensheni ikoje? Usalama wako utalindwa vipi? Majibu yakiwa mazuri, ampe mkono na dua. Yakiwa mabaya, amshauri atafute baraza jingine, asimshauri aone haya.

Na ninyi vijana, msiingie kazini mkidhani kwamba mmekubali kidogo. Mji unaoishi watu laki mbili huzalisha taka usiku na mchana, na kila asubuhi lazima awepo mtu mwenye elimu aliyekwisha kufikiri zitakwenda wapi. Hakuna sababu mtu huyo asiwe anayeitwa Fatma au Salim.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutazungumzia haki za mpangaji katika nyumba yenye unyevu na ukungu, kwa kuwa baridi inakaribia na barua juu ya jambo hilo zimekuwa nyingi. Mwenye swali na aliandike kwa mkono unaosomeka, alitie katika bahasha, na amkabidhi mgawaji wa jarida hili.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.